Gramu Mia Moja

Mizani yangu ya jikoni haina undugu na mtu.
Jana ilipima unga wa keki ya mjukuu,
usiku huu inapima vifungo kumi na viwili vya kioo,
rangi ya bia iliyoshikwa na mwanga,
vilivyotoka mikononi mwa baba mkwe
hapahapa Jablonec, enzi za king'ora cha kiwanda
kuamsha hata kuku.

Vifungo: hamsini na nne.
Sanduku: thelathini na moja.
Karatasi laini, utepe, anwani: kumi na moja.
Kadi ya asante, niliyoichora ua pembeni: sita.

Mia na mbili.

Ukivuka mia nauli inaruka
kama mtu aliyekanyaga msumari.
Nikatwaa mkasi. Nikapunguza utepe,
nikapunguza masikio ya sanduku,
bado.
Basi kadi ikabaki mezani,
nami nikaandika kwa penseli ndani ya kifuniko:
*Asante kwa kununua kwangu. Sweta likuvae vizuri.*
Risasi ya penseli haina uzito.
Nilipima. Haina.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
walisema waliokuwa hawajafika posta.
Wangefika na kanda lao
wangeulizwa urefu, upana, kimo,
maana siku hizi hata usufi hulipa
kwa nafasi ulioijaza.

Ingunn wa Tromsø aliniandikia:
*Mama, weka alama kwenye «zawadi».
Kila mtu hufanya hivyo.*
Fomu ina visanduku vinne,
kalamu ya posta imefungwa kwa mnyororo
kana kwamba nayo ina kesi.
Zawadi. Nyaraka. Sampuli. Bidhaa.
Nikakaa juu ya ile «Zawadi» kitambo,
watu wanne nyuma yangu wakikohoa.
Kisha nikatia alama kwenye «Bidhaa».
Usinisifu. Si uaminifu, ni woga:
Bi Drahuše wa dirisha la tatu
alisoma darasa moja na dada yangu,
na anajua sina mtu Norwei.

Wiki tisa.

Huko kaskazini wakamtoza Ingunn ushuru,
juu ya ushuru ada ya kuutoza ule ushuru,
na juu yake ada ya kumwarifu.
Akapiga hesabu, akaona sweta linaweza kufungwa kwa pini.
*Siwezi kulipa zaidi ya nilichonunua,* aliandika,
na mimi ningeandika hivyohivyo.
Nikamrudishia pesa zake.

Kifurushi nacho kikageuza safari.
Kufika Praha kikasimamishwa mlangoni:
hii ni nini, inatoka wapi, thamani yake kiasi gani,
na uthibitisho uko wapi kwamba ni yako?
Nikawatumia picha ya mashine ya baba mkwe,
na yeye mwenyewe kando yake, amevaa aproni,
amekasirika kama kawaida yake.
Wakajibu: picha si ankara.
Kwa vifungo vilivyozaliwa nusu saa kwa miguu
kutoka mlangoni pangu
nikalipa kiingilio kama cha wageni,
na siku kumi na moja za kulala ghalani.

Bi Drahuše akanisukumia sanduku chini ya kioo.
«Vimetembea kuliko mimi na wewe,» alisema,
akagonga muhuri wa mwisho, pole pole,
pale palipobaki pa kugonga.

Nyumbani nikafungua kwa kisu cha mkate.
Kumi na viwili, hakuna kilichopasuka.
Na kwenye kifuniko, kwa mwandiko wangu,
*Asante kwa kununua kwangu.*
Nikasoma mara mbili.
Kwa kweli ni mimi pekee niliyelipa,
basi nikaipokea.

Halafu, kwa mazoea tu,
nikalirudisha sanduku juu ya mizani:
vibandiko vya lugha mbili, mihuri,
utepe wa forodha ya kwenda, utepe wa forodha ya kurudi.

Mia na tatu.